Mwalimu Asiyeona Pembetatu

Mwalimu wetu wa hesabu hakuweza kufanya hesabu akiwa ameketi. Ukimpelekea swali wakati anakunywa chai, aliweka kikombe chini, akasimama, akaanza kuegemea huku na huku kama mtu aliyesimama nyuma ya lori linalopanda barabara mbovu. Mabega yalishuka, magoti yakajipinda kidogo, halafu akatulia. Akishatulia, jibu lilikuwa limefika. Chaki aliishika baadaye, kwa ajili yetu, na kila mara alisema maneno ambayo sisi wasichana tuliyaiga bwenini mpaka yakawa kama salamu: "Sasa tuandike kile tunachokijua tayari."

Nilimjua kwa miaka mingi. Kwanza nilikuwa mwanafunzi wake katika shule ya sekondari ya wasichana huko Kanja, upande wa Embu. Kisha nikawa mwalimu mwenzake katika shule hiyo hiyo, na mwishoni nikawa mtu wa kumtembelea tu. Yeye alikuwa Mmeru. Kiembu chetu alikielewa chote, lakini alikizungumza kwa lafudhi ya kwao, nasi tulimcheka kwa hilo, naye alijua. Jina lake silitaji. Hatukulitumia hata wakati huo. Walimu wengine wote walikuwa na majina. Yeye alikuwa Mwalimu.

Somo la mteremko hakulifundishia darasani. Tulipokuwa kidato cha tatu alitutoa nje sote, akatupeleka kwenye njia inayotoka shuleni kwenda mtoni katikati ya majani chai, akatushusha mpaka chini, kisha akatuambia tupande bila kuzungumza. Njia ile ilianza kwa upole, ikakaza katikati, ikalegea karibu na lango. Tulifika juu tunahema. Yeye alikuwa ametangulia, suruali yake imelowa umande mpaka magotini.

"Wapi paliuma?" aliuliza.

"Katikati, Mwalimu."

"Katikati ni kubwa. Rudini, kila mtu asimame pale palipomuuma kuliko kwingine kote."

Tukarudi. Karibu darasa zima tulijikuta tumesongamana mahali pamoja, tunasukumana tusianguke kwenye majani chai. Akashuka, akachora mstari kwa kisigino kwenye udongo.

"Hapa ndipo mteremko ni mkubwa kabisa," alisema. "Na pale langoni, mguu ulipoacha kulalamika, mteremko ni sufuri. Msiniambie mteremko unaonekana. Mteremko unauma."

Mengi niliyofundishwa shuleni yamekwisha kunitoka, lakini hilo halikutoka, labda kwa sababu halikupitia kichwani.

Mtu huyu huyu alichukia michoro. Hili lilitushangaza, maana jometri ndiyo aliyoipenda, na jometri bila mchoro kwetu ilikuwa kama kupika bila sufuria. Yeye aliifanya kwa kusimama, kugeuka, kunyoosha miguu, na kwa mistari ya maandishi iliyoshuka ubaoni moja kwa moja. Akikukuta umechora pembezoni mwa karatasi ili uelewe swali, alikuita mbele. Mimi nilichapwa viboko vya viganja kwa kuchora. "Mchoro ni mtu mvivu anayekufikiria," aliniambia, akanichapa, akaniambia nirudi nikakae. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia. Nilirudi nikaendelea kuchora kwenye paja, chini ya dawati, kwa ukucha.

Sikuwa na namna nyingine. Ukiniambia tufe lililokatwa kwa kisu, linakuja lenyewe, linasimama mbele yangu, nalizungusha nione nyuma. Nilidhani watu wote ni hivyo. Nilidhani Mwalimu pia ni hivyo, na kwamba alikuwa anatukataza kwa ukali tu, kama vile wengine walivyotukataza kuzungumza Kiembu.

Niliporudi Kanja nikiwa mwalimu, alinipokea kana kwamba nilikuwa nimeenda dukani. Alinionyesha meza yangu, akanipa kidato cha pili, na kwa muda mrefu hatukuzungumza lolote nje ya kazi. Mwalimu wa tatu wa hesabu alikuwa Nyaga, mtu mnene wa hapo hapo karibu, ambaye yeye alifanya hesabu kwa mdomo. Midomo yake ilicheza anapofikiri, na ukimkatiza alianza upya kama mtu aliyekatizwa kwenye sala. Mwalimu na Nyaga waligombana mara kwa mara juu ya jinsi ya kueleza kitu ambacho wote wawili walikuwa wamekipata sawasawa. Mmoja anasema, "Sema kanuni, wasichana waikariri," mwingine anasema, "Kanuni haina uzito, watashikilia nini?" Mimi nilisahihisha madaftari.

Siku moja alikuwa akipita nje ya darasa langu akanisikia nikiwaambia wanafunzi, "Fumba macho, uone pembetatu. Sasa izungushe." Baada ya kipindi alinikuta ofisini.

"Wawira," alisema, "yale maneno yako. Huwa wanaiona kweli?"

"Nini, Mwalimu?"

"Hiyo pembetatu."

Nilifikiri ananitania. "Ndiyo. Si ndiyo maana wanafumba macho?"

"Na wewe unaiona?"

"Naiona."

"Iko aje?"

"Nyeupe. Mistari myembamba. Nyuma kuna kijani kama ya ubao."

Alisimama pale akashika egemeo la kiti changu. Nyaga alikuwa anakula viazi mezani kwake, akaacha kutafuna.

"Mimi hakuna kitu," Mwalimu alisema. "Nikifumba macho ni giza tu. Nilidhani mnasema hivyo kama vile mtu husema moyo umevunjika. Hakuna moyo uliovunjika. Ni maneno."

"Hata ukifikiria nyumbani kwako?" Nyaga akauliza. "Mlango?"

"Najua mlango uko wapi. Najua unasukumwa kwa bega maana umevimba kwa mvua. Bega linajua. Lakini kuuona, hapana."

Nyaga alisema yeye huuona kidogo, kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Mwalimu aliketi, jambo ambalo hakulifanya akiwa anafikiri, akanywa chai yake iliyopoa mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo nilikuchapa kwa sababu ya kuona."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya kitu, akaenda darasani. Msamaha hakuomba, na mimi sikuungoja. Ninavyokumbuka, sikuhisi chochote. Niliendelea na madaftari.

Alikuwa na umri wa mtu mwenye wajukuu wakati huo, na jambo hilo lilimwingia kama jipya. Aliuliza kila mtu. Alimuuliza mpishi wa shule kama anaiona sufuria kabla hajafika jikoni. Alimuuliza kasisi, baada ya ibada, kama huuona uso wa anayemwomba, na kasisi akamjibu kwa adabu kwamba hilo ni swali zuri. Watu walianza kusema Mwalimu amechoka na anahitaji likizo.

Darasani alibadilika bila kutangaza. Muhula uliofuata aliwaambia wanafunzi, "Mwenye kuona achore. Mwenye kusema aseme, lakini pole pole. Mwenye kutembea atoke nje." Mwalimu mkuu alilalamika kwamba wasichana wanazurura uani wakati wa masomo, wengine wanaongea peke yao. Mwalimu alimjibu kwamba wako kazini.

Alikuwepo msichana mmoja, Karimi, wa mwisho darasani kwa muda mrefu, ambaye alipoulizwa alisema kwamba namba kwake zimepangwa kando ya barabara ya kwao. Kumi iko kwenye kona ya mashine ya kusaga mahindi, ishirini kanisani, na baada ya hamsini barabara inapanda mlima na huoni vizuri. Ndiyo sababu namba kubwa zilimshinda. Mwalimu alikaa naye uani siku nyingi akimhoji kama polisi.

"Na sufuri iko wapi?"

"Iko nyuma yangu, Mwalimu. Huwa siioni, najua tu iko."

Hapo alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo kabla, wala baadaye. Alimpeleka Karimi apande kilima cha kweli, huku akihesabu kwa sauti kutoka hamsini, ili mguu ujue kule ambako jicho halifiki. Karimi hakuwa wa kwanza darasani, lakini aliacha kuwa wa mwisho.

Mke wake, Mama Kendi, alikuwa mwanamke wa sauti ya juu aliyeuza nguo za watoto sokoni Kanja. Yeye ndiye aliyenihadithia ya Gakoromone. Walikuwa wameenda nyumbani Meru kwa likizo, wakapita soko hilo kununua ndizi, na katikati ya umati wakapotezana. Mwalimu akaanza kuwauliza akina mama wa ndizi kama wamemwona mke wake.

"Amevaa aje?" wakamuuliza.

Hakujua.

"Haya, anakaa aje? Mweupe? Mweusi?"

Mwalimu akafikiri, akainua kiganja akakiweka hewani, karibu na kidevu chake mwenyewe. "Anafika hapa," akasema.

Soko zima lilicheka. Mama mmoja akapita chini ya kiganja kile akisema, "Hata mimi nafika hapo, nichukue!" Wakapita na wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akijipima, mpaka Mama Kendi mwenyewe akatokea kutoka upande wa vitunguu akakuta mumewe amesimama na mkono juu na foleni ya wanawake mbele yake. Naye akapita chini ya kiganja. Mwalimu akasema, "Ni huyu," kabla hajageuka kumtazama.

Mama Kendi alisimulia kisa hicho mbele ya mumewe na kila mara alimalizia kwa kusema, "Bwana wa miaka yote hii, na hajui mimi nafanana na nini." Baada ya ile siku ya pembetatu hakumalizia tena hivyo. Mwalimu alikuwa amemweleza. Mama Kendi alisema alilala akifikiri, asubuhi akamuuliza mumewe, "Nikiwa sokoni na wewe uko shuleni, mimi niko wapi?" Naye akamjibu, "Uko sokoni." Aliniambia jibu hilo lilimtosha, halafu akasema halikumtosha, halafu akanipimia mtoto wangu sweta.

Mama Kendi alikufa wakati wa mvua ndefu, kwa nimonia, wiki ambayo tulikuwa tunasahihisha mitihani. Tulimzika kwao Meru. Mvua ilikuwa imelainisha kaburi na wanaume walikuwa wanateleza. Picha yake iliwekwa juu ya jeneza, kwenye fremu yenye maua ya plastiki, na Mwalimu alisimama akiitazama muda wote wa ibada. Hakutoa chozi. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu mzee ana moyo wa jiwe. Sikugeuka. Jeneza liliposhushwa, picha ikaondolewa ikapewa Kendi, binti yao wa pekee, na nilimwona Mwalimu akiifuata kwa macho mpaka ilipoingizwa ndani ya mfuko.

Aliporudi Kanja alifundisha kama kawaida. Njia ya kutoka shuleni hadi nyumba za walimu ilikuwa nyembamba, na siku zote walikuwa wakipita pamoja jioni, yeye kushoto, mkewe kulia upande wa ua. Sasa alipita peke yake, bado upande wa kushoto kabisa, kiatu kimoja kwenye mtaro, na nafasi ya mtu ikabaki wazi upande wa kulia. Mwili ulikuwa unampisha. Nilimwambia, "Mwalimu, utalowa," akatazama miguu yake akashangaa, na kesho yake akapita pale pale.

Siku moja ofisini tulibaki wawili. Aliniambia bila kuinua uso, "Wawira, niambie uso wake."

"Wa Mama Kendi?"

"Najua alikuwa na mwanya. Najua kovu la kiwiko, aliunguzwa na uji akiwa mtoto. Najua kama orodha. Wewe unamwona?"

Nilifumba macho. Alikuwepo. Nikamwambia: paji pana, nyusi zisizokutana, jicho la kushoto linalofunga kwanza anapocheka, kitambaa kilichofungwa nyuma kwa haraka, ncha moja ndefu kuliko nyingine. Alisikiliza akiwa ameketi.

"Inatosha," alisema.

Aliniomba tena mwezi uliofuata, na baada ya hapo mara kwa mara, mpaka alipostaafu. Niliwahi kumuuliza kama inamsaidia kuona. Akasema hapana, haoni lolote, ila anapenda kujua kwamba uso uko mahali fulani.

Alipostaafu hakurudi shambani kwake Meru. Alihamia Timau kwa Kendi, aliyekuwa amepata kazi kwenye shamba la maua. Tulipigiana simu sikukuu. Miaka ikapita hivyo.

Kisha mume wangu akaugua saratani ya koo, na baada ya miezi ya kwenda na kurudi hospitali, akafa. Nilifundisha wiki iliyofuata. Watu walinisifu kwa nguvu. Sikuwa na nguvu; nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima, anayesikia daktari akifanya kazi mahali pa mbali. Nilipika, nikala, nikasahihisha. Kitu kimoja tu kilikuwa hai, na hicho sikumwambia mtu.

Kendi alinipigia simu. "Auntie, baba amepata kiharusi. Ametoka hospitali lakini upande wa kushoto umelala kabisa. Amekuuliza."

Timau ni baridi hata jua likiwaka. Upepo unashuka kutoka mlimani juu ya ngano na haupati kizuizi mpaka ukufikie wewe. Kendi alikuwa anakaa kwenye nyumba ya mbao nje ya uzio wa shamba la maua, na Mwalimu nilimkuta nje kwenye benchi, amefunikwa blanketi mpaka kiunoni, uso umeelekea mlimani. Alinisalimia kwa mkono wa kulia. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, lakini maneno yalieleweka.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe, Mwalimu."

"Mimi nimegawanywa. Nikitafuta jibu sasa, upande mmoja unanijibu, mwingine kimya. Huwezi kufanya hesabu na nusu ya mtu." Alipumzika. "Nimekuwa kama Nyaga. Nasema kwa mdomo. Nafika, lakini ni kama kula bila chumvi."

Kendi alisema kutoka mlangoni, "Auntie, anaongea peke yake siku nzima. Majirani wanadhani amechanganyikiwa."

"Niko kazini," alisema Mwalimu.

Kendi akarudi ndani kuchemsha chai. Nilizunguka benchi nikaketi pale palipokuwa na nafasi, tukatazama ngano. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamwambia mume wangu amefariki. Alikuwa hajasikia.

"Pole," alisema. Kisha akaongeza: "Angalau wewe unamwona."

Sikujua kwamba nilikuwa nimesafiri mpaka Timau ili nilijibu neno hilo. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi kati yetu, nikaushika.

"Namwona, Mwalimu," nilisema. "Namwona alivyokuwa hospitali. Bomba puani, shingo imevimba, macho hayajafunga vizuri. Uso huo tu. Nikitaka kumwona wa harusi, unakuja huo. Wa shambani, unakuja huo. Nikiwa darasani naandika ubaoni, uko pale kwenye kijani. Miaka yetu yote umeifunika. Natamani giza."

Wanawake waliovaa aproni za shamba la maua walipita barabarani wakicheka, wakatusalimia, yeye akawaitikia.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Miaka yote ile."

"Najua."

"Kila ukinieleza, nilisema moyoni, huyu ana mali ambayo mimi sikupewa."

"Ndiyo."

"Sikujua kwamba huwezi kuifunga."

Nilimweleza mengine. Nilimweleza ya usiku wa mwisho na maneno ambayo mume wangu hakuweza kuyatoa, na jinsi nilivyokwenda sokoni siku ile ile kununua mboga kwa sababu jikoni hakukuwa na mboga. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kufundisha. Niliubana mkono wake nikizungumza, nikaubana sana, maana sikuwa na kitu kingine cha kubana. Yeye alitazama mlima na kusema "mm" mahali panapofaa.

Kendi alitoka na birika na vikombe. Alitutazama akacheka. "Baba, leo umeshikwa mkono kama bwana harusi!"

"Nani?" aliuliza Mwalimu.

"Si wewe! Auntie amekushika."

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu kuja upande wa kushoto, upande wangu, akashusha macho kwenye blanketi. Aliona vidole vyangu vimezama kwenye nyama ya kiganja chake, ngozi imekuwa nyeupe pale nilipobana.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipoanza kusema ya hospitali."

"Sikujua."

Nilianza kulegeza vidole.

"Usiachie," alisema. "Ngoja kwanza. Acha nitazame."

Akainama, akaitazama mikono yetu, na Kendi akasimama pale na birika, asijue kama amimine au asubiri.